Mtoto Mgonjwa na Shule Yetu ya Watoto Wadogo

Hotuba ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imenipa kazi ya kusema mbele yenu juu ya jambo ambalo katika taarifa ya mwaka limeandikwa kwa mistari miwili tu. Mistari hiyo yasema kwamba katika muhula wa pili shule yetu ya watoto wadogo ilipungukiwa na watoto kwa muda wa majuma matano kwa sababu ya maradhi. Niliiandika mimi kwa mkono wangu, maana ndiyo kazi yangu, na nilipoisoma tena niliona haya. Ni maneno ya kweli, lakini ni maneno ya mtu anayejificha nyuma ya karatasi. Maradhi hayo yalikuwa ukambi, ambao wengine wetu huuita surua, na mtoto wa kwanza kuuleta shuleni alitoka nyumbani kwangu.

Ilikuwa Jumatatu. Kijana wangu, ambaye ana miaka 4, aliamka na joto mwilini, macho yamemwiva, kikohozi kikavu na kamasi nyingi. Mama yake alikuwa na mzigo wa mboga uliokuwa ukimngoja sokoni tangu alfajiri, nami nilikuwa na vitabu vya hesabu ambavyo mkaguzi alikuwa avione siku hiyo hiyo. Tulitazamana. Kisha tukafanya lile ambalo nadhani wengi katika ukumbi huu wamepata kulifanya: tukampa kijiko cha dawa ya kushusha homa, tukangoja mpaka uso ukachangamka, tukamvika sweta, nikamshika mkono nikampeleka. Mwalimu alimgusa shingoni, akamwona hana joto, akampokea. Kabla ya saa 6 homa ilikuwa imerudi, na mwalimu akamlaza juu ya mkeka pembeni mwa chumba kile kile walimokuwamo wenzake, kwa kuwa hana mahali pengine. Jumanne tukafanya vivyo hivyo, na Jumatano vivyo hivyo. Alhamisi asubuhi vipele vilikuwa vimejitokeza nyuma ya masikio na usoni. Bibi mmoja jirani yetu alipomwona tu akasema, "Huu ni ukambi, msitafute jina lingine."

Tulipofika kituo cha afya, mwuguzi hakutugombeza. Alituuliza tu mtoto alikuwa wapi tangu Jumapili. Nikamjibu kwamba alikuwa shuleni, naye akaweka kalamu yake chini. Ndipo alipotueleza kwamba mgonjwa wa ukambi huwaambukiza wenzake tangu siku 4 kabla vipele havijatokea mpaka siku 4 baada ya kutokea. Ugonjwa huu husafiri kwa pumzi, na hukaa hewani chumbani hata muda wa saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka. Kwa hiyo zile siku 3 ambazo tulikuwa tukisema "ni mafua tu" zilikuwa ndizo siku mbaya.

Yalipita majuma mawili kasoro, tukaanza kusikia kwamba mtoto wa fulani ana homa, na wa fulani naye. Jumla yao walikuwa 6. Hao wote walipona, ijapokuwa mmoja masikio yalimtoka usaha kwa muda mrefu. Lakini mmoja wa hao 6 ana ndugu mchanga nyumbani, ambaye wakati huo alikuwa wa miezi 7, yaani hajafika umri wa kuchanjwa. Yeye ugonjwa ulimshukia mapafuni. Alilala hospitali usiku 9, na baadhi ya usiku huo alikuwa akipumua kwa hewa ya mtungi. Leo, namshukuru Mungu, ameanza kusimama kwa kushika viti. Baba yake yumo humu ukumbini. Nilimwendea kabla ya mkutano huu nikamwomba ruhusa ya kulitaja jambo hili, naye akanipa. Sikumwomba zaidi ya hilo.

Sasa mtaniuliza, je, mtoto wako hakuwa amechanjwa? Alichanjwa mara moja, alipokuwa wa miezi 9. Chanjo ya pili, ambayo mtoto hupewa akiwa wa miezi 18, ilimpita kwa sababu wakati huo tulikuwa tumempeleka kwa nyanya yake, na tuliporudi Nairobi tukawa twasema kesho, kesho. Chanjo moja huwakinga watoto wengi, walakini huwaacha wachache wazi, na ile ya pili huwekwa kwa ajili ya hao wachache. Tulipovikagua vijitabu vya afya vya wale 6, wanne walikuwa hawajapata ya pili, na wawili vijitabu vyao havikuonekana kabisa.

Wazee wetu, najua kwamba mambo ya kumtenga mgonjwa hamkufundishwa na mwuguzi. Wako miongoni mwenu wanaoikumbuka ndui. Ndui ilipoingia katika boma, mgonjwa aliwekwa kando, akapelekewa chakula na mtu aliyekwisha kuugua akapona, na wageni hawakuja. Hakuna aliyesema kwamba mwenye boma amedharauliwa. Ugonjwa huo haupo tena duniani: mtu wa mwisho kuupata kwa njia ya kawaida alikuwa Msomali wa mji wa Merca mwaka 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba umekwisha. Chanjo ndiyo iliyoumaliza, pamoja na ule ujuzi wa kale wa kumweka mgonjwa mbali na wazima. Sisi vijana wa mjini tumeuchukua mmoja, na mara nyingine hata huo hatukuuchukua wote, na ule mwingine tumeuacha njiani.

Hata hivyo sitaki mtoke hapa mkiogopa kila chafya. Mzee mmoja alinitania juzi akasema kwamba sisi sote tulikua na kamasi puani, na kama kila mwenye kamasi angewekwa nyumbani, nchi isingekuwa na hata karani mmoja. Amesema kweli. Mtoto mdogo aliyeanza kukaa na wenzake atashikwa na mafua mara nyingi kwa mwaka, na mafua huambukizwa hata kabla hayajaonekana, basi kumfungia nyumbani hakuzuii kitu. Ikiwa hana homa, anakula, anacheza, na kazi yake ni kufutwa pua, na aende shule. Mwalimu awe na maji na sabuni karibu, na kila mtoto awe na kitambaa chake mwenyewe. Hiyo yatosha.

Mimi nimejiwekea maswali matatu, nayo nayasema kwa ufupi kwa sababu asubuhi hakuna wakati wa maswali mengi. Je, mtoto huyu ataweza kuivumilia siku nzima, kukaa, kuimba, kukimbia na kula pamoja na wenziwe? Je, mwalimu ataweza kumtunza bila kuwaacha wengine? Na je, alicho nacho chaweza kumwingia mwenzake? Nikipata jibu baya katika moja tu, hakwendi. Msisahau kwamba mwalimu wetu na msaidizi wake, watu wawili tu, wana watoto 38. Mtoto mmoja anayetaka kubebwa humwondoa mtu mmoja kazini siku nzima.

Juu ya homa yanipasa nikae kidogo, maana hapo ndipo nilipoanguka. Dawa ya kushusha homa haiponyi ugonjwa. Hushusha joto kwa muda wa saa 4 au 6 hivi, kisha joto hurudi kama lilivyokuwa. Mtoto akipewa dawa hiyo saa 12 asubuhi, mwalimu humpokea akiwa baridi, na kabla ya chakula cha mchana humwona akitetemeka. Si vibaya kumpa dawa hiyo mtoto anayesumbuliwa na homa, kwa kipimo kilichoandikwa kwa uzito wake au umri wake. Lililo baya ni kuitumia ili mwalimu asijue. Kwa hiyo kanuni ninayoiomba ni hii: mwenye homa akae nyumbani mpaka apitishe siku moja kamili, mchana na usiku, bila homa na bila dawa ya homa. Kama nyumbani kuna kipima joto, nyuzi 38 ni homa bila mashaka. Kama hakipo, mkono wa mama kifuani mwa mtoto wajua zaidi kuliko maneno ya baba aliyechelewa kazini. Nami naongeza onyo dogo: mtoto asipewe asprini, hata kama ndiyo iliyo kabatini.

Nairobi hatuna malaria nyingi, na kwa sababu hiyo twaisahau. Lakini watoto wetu huenda likizo kando ya Ziwa na kule Pwani, na hurudi nayo damuni. Mtoto aliyerudi kutoka huko katika majuma machache yaliyopita akishikwa na homa, apimwe damu siku hiyo hiyo, wala asingojwe kwa kuwa "labda ni baridi ya mji." Malaria haiambukizwi kwa kucheza pamoja, basi mtoto huyu hatengwi kwa ajili ya wenzake. Hukaa nyumbani kwa ajili ya nafsi yake, amalize dawa zake zote kama alivyoandikiwa, hata zile za siku ya mwisho ambazo huonekana hazina kazi tena.

Jambo la pili kwa uzito ni tumbo la kuendesha. Choo cha shule yetu ni kimoja, na mikono ya watoto wa miaka 3 na 4 mwaijua. Mtoto mmoja mwenye kuhara aweza kulipitisha jambo hilo katika chumba kizima kabla ya Ijumaa. Mtoto anayeharisha au kutapika akae nyumbani mpaka zipite saa 48, yaani siku 2 kamili, tangu mara ya mwisho. Najua ni nyingi. Nimeulizwa kwa nini siku 2 na hali mtoto amekwisha changamka siku moja. Jibu ni kwamba choo chake bado kina ugonjwa hata baada ya yeye kujisikia mzima.

Na akiwa nyumbani asikauke. Kuhara huua kwa kumaliza maji ya mwilini. Vituo vya afya na maduka ya dawa vina pakiti za unga wa chumvi na sukari wa kuchanganywa na maji safi, kwa kipimo kilichoandikwa juu ya pakiti, na pamoja nao vidonge vya zinki ambavyo mtoto hupewa kwa siku 10 mpaka 14 hata kama tumbo limetulia mapema. Pakiti ikikosekana usiku, chukueni lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai ya chumvi. Chumvi isizidi hata kidogo. Mpeni kidogo kidogo kwa kikombe, na akitapika ngojeni dakika 10 mwanze tena. Aendelee kula, na anayenyonya aendelee kunyonya. Ile desturi ya kumnyima chakula mwenye kuhara ili "tumbo lipumzike" yafaa tuiache, ijapokuwa niliikuta kwa mama yangu mwenyewe, nami nampenda.

Ukambi nimekwisha kuusema: siku 4 baada ya vipele kutokea, na mtoto apelekwe kituo cha afya, kwani hupewa pia vitamini A ambayo hulinda macho yake. Wenye tetekuwanga wakae mpaka kila lengelenge limekauka na kufanya gamba, na kwa kawaida hilo huchukua siku 5 au juma moja. Makovu yakibaki si kitu, mtoto na arudi. Matubwitubwi ni siku 5 tangu shavu kuvimba. Kifaduro chataka dawa ya daktari, na siku 5 za dawa hiyo kabla ya kurudi; asiyetibiwa aweza kuambukiza kwa majuma 3, naye ni hatari sana kwa watoto wachanga ambao hawajamaliza chanjo zao za majuma 6, 10 na 14. Macho mekundu yenye usaha yakae nyumbani mpaka usaha ukome.

Upele na choa havina haja ya kumfukuza mtoto kwa mwezi, kama nilivyoona katika shule fulani. Mwenye upele akipakwa dawa ipasavyo mara ya kwanza aweza kurudi kesho yake, lakini watu wote wa nyumba ile wapakwe siku moja, na nguo na matandiko yafuliwe, au sivyo ni kazi ya bure. Choa cha kichwani chataka dawa ya kumeza kutoka kwa daktari. Mafuta ya kupaka peke yake hayafiki kwenye mizizi ya nywele, na mwezi wa nne mama huwa bado anapaka. Akianza dawa, aende darasani. Minyoo vivyo hivyo.

Wako watoto ambao hawaambukizi mtu hata kidogo, na hao naomba niwasemee. Mwenye pumu, mwenye ugonjwa wa seli mundu, mwenye kifafa, mwenye virusi vya ukimwi anayekunywa dawa zake: hawa si watu wa kuwekwa nyumbani, wala si haki ya mzazi yeyote kuniuliza mimi karani ni nani kati ya watoto ana nini. Niliulizwa mara mbili mwaka huu. Mwalimu peke yake ajue, tena kwa ridhaa ya wazazi, kwa mfano mwenye seli mundu akipatwa na homa isichukuliwe kama homa ya mtoto mwingine bali apelekwe kwa daktari mara moja.

Kuna jambo lingine la kueleweka. Ninaposema mtoto awekwe nyumbani sisemi alazwe, mlango ufungwe, watu waende kazini. Mtoto mgonjwa atazamwe. Ikiwa hawezi kunywa wala kunyonya, ikiwa hutapika kila kitu anachopewa, ikiwa ameshikwa na degedege, ikiwa amelegea na ni vigumu kumwamsha, hapo nyumbani si mahali pake wala shuleni, mahali pake ni hospitali, saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Kadhalika pumzi. Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 akiwa ametulia, muangalieni kifua mkihesabu kwa dakika 1 kamili kwa saa. Pumzi zikifika 40 au zaidi, au nyama ya chini ya mbavu ikibonyea kila anapovuta hewa, ni dalili ya nimonia. Kuhesabu huku kwaweza kufanywa na mtu yeyote ajuaye kuhesabu mpaka 40. Na mwenye degedege alazwe kwa ubavu, asitiwe kijiko wala kitu chochote kinywani, asimwagiwe maji baridi.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, nafika mahali ambapo najua sitapendwa na wote.

Tukisema tu kwamba wazazi wanaopeleka watoto wagonjwa shuleni ni wajinga, tutakuwa tumesema uongo. Mimi na mama watoto tulijua kwamba mtoto hakuwa mzima. Tulichokosa ni mtu wa kukaa naye. Mama anayeuza sokoni akikosa siku moja, mboga zake zaoza na mteja wake amekwenda kwa mwingine. Fundi wa kibarua asipoonekana saa 1 asubuhi, nafasi yake yachukuliwa na aliyesimama nyuma yake. Hata sisi tulioajiriwa, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yatupa likizo ya ugonjwa, siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara kwa mwaka, lakini hiyo ni kwa ugonjwa wa mfanya kazi mwenyewe. Mwanawe akiugua, hana budi kuomba siku katika likizo yake ya mwaka ya siku 21, kama bwana wake atakubali. Na tuseme kweli wanaume: katika nyumba nyingi swali la nani atabaki halikuulizwa hata siku moja. Mama ndiye anayebaki. Mimi ningeweza kumwambia mkaguzi anirudie Jumanne. Sikumwambia, kwa sababu haikunipitia moyoni kwamba jambo hilo lanihusu.

Tena kuna makosa ya Chama chenyewe. Mtakumbuka kwamba miaka 2 iliyopita tulianzisha tuzo ya mtoto asiyekosa shule hata siku moja katika mwaka: daftari, penseli za rangi, na kilo 2 za sukari kwa mama yake. Kanuni za tuzo ile niliziandika mimi, na mkazipigia makofi. Jumatatu ile nilipokuwa nikimfunga kijana wangu viatu, jina lake lilikuwa katika orodha ya watoto 5 ambao hawajakosa, nami nilikuwa nikilifikiri hilo. Tumekuwa tukiwalipa watu sukari ili watuletee homa.

Kisha ipo barua iliyoletwa mbele ya Halmashauri na wanachama wanne, inayotaka kwamba mtoto akikosa kwa siku 3 bila cheti cha daktari, mzazi atozwe faini, ili shule isipungukiwe. Nawaheshimu walioiandika, maana nia yao ni kuilinda shule. Walakini fikirini mama ambaye mtoto wake ana tetekuwanga, ugonjwa ambao hata yeye aujua kwa macho. Cheti kitamgharimu nauli mbili na nusu siku ya kupanga foleni kati ya watoto wengine wagonjwa. Atafanya hesabu, na hesabu itamwambia amlete shuleni. Faini hiyo itatuzidishia ugonjwa.

Ninayoyaleta badala yake ni haya. Tuzo ile ifutwe, na sukari iliyokwisha nunuliwa igawiwe watoto wote katika uji wao. Mwalimu apewe uwezo wa kumrudisha mtoto yeyote mlangoni, awe wa mwanachama wa kawaida, awe wa mzee wa Halmashauri, awe wa karani, na mzazi akibishana naye, shauri lije kwetu na si kwake. Kila mzazi aandike shuleni nambari za simu za watu wawili wanaoweza kuja kumchukua mtoto, na mmoja wao asiwe mama. Mtoto anapoandikishwa, mwalimu akitazame kijitabu chake cha afya. Asiyetimiza chanjo asikataliwe, bali aelekezwe kliniki, na karani aandike siku aliyokwenda. Nyuma ya chumba pawekwe pazia na kitanda kimoja, ili anayeshikwa na homa katikati ya siku angoje mzazi wake mahali pasipo na wenzake. Seremala wetu amesema atakitengeneza kwa bei ya mbao peke yake.

Lililobaki ni lile la mtu wa kukaa na mtoto. Nimezungumza na bibi zetu wanne wa mtaa huu, ambao majina yao Mwenyekiti anayo. Wako tayari kukaa na mtoto mgonjwa nyumbani kwa mtoto mwenyewe, mmoja kwa nyumba moja, wala si kuwakusanya wagonjwa pamoja, kwa posho ndogo kutoka katika mfuko wetu wa ustawi, kwa siku zisizozidi 4. Wote wanne walikwisha kuugua ukambi utotoni, na walikubali kufundishwa na mwuguzi zile dalili za hatari. Mmoja wao ndiye yule aliyeutambua ugonjwa wa mwanangu kwa kumtazama mara moja, wakati mimi niliye na cheti cha shule ya misheni ukutani nilikuwa nimeutazama kwa siku 3. Pia karo ya shule, ambayo ni shilingi 50 kwa siku, isitozwe kwa siku ambazo mtoto amewekwa nyumbani kwa ugonjwa, ilimradi mzazi amempelekea mwalimu habari kabla ya saa 3.

Haya yote yameandikwa kama pendekezo la nne katika orodha mliyopewa mlangoni. Mweka Hazina amekwisha kuniambia kwamba sehemu ya karo ataipinga, kwa kuwa mwalimu hulipwa mshahara ule ule hata chumba kikiwa na watoto 20. Hesabu zake ni sahihi, nami ndiye niliyemwandikia. Namwachia nafasi, Bwana Mwenyekiti, aziseme mwenyewe.